Nani Kakuambia Hawachanganyiki?

Kuna methali tuliyoikariri shule ya msingi bila kuuliza lolote: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mwalimu alituambia maana yake ni kwamba hata mtu usiyempenda anaweza kuwa na kitu cha kukufaa. Tukaandika kwenye daftari, tukapigiwa vema, tukatoka mapumziko. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza Baniani ni nani, wala kosa lake ni lipi. Na sisi tulikuwa Sumbawanga, ambako Baniani niliyemjua mimi alikuwa mmoja, muuza vitambaa, na ubaya wake wote ulikuwa kukataa kukopesha sare za shule mwezi wa Januari.

Miaka mingi baadaye nikaisikia methali ile ile, safari hii imevaa suti. Nilikuwa kwenye semina ya shahada ya uzamili, tunajadili lugha zinazozungumzwa majumbani mijini. Mwenzetu mmoja, kijana aliyesoma na mwenye maneno yake, akasema familia za Kihindu hapa nchini ni mfano wa jamii iliyokataa kuwa ya Kitanzania. Vizazi vinne, vitano, alisema, na bado mtoto anafundishwa Kigujarati, anapelekwa hekaluni, anakatazwa nyama, anachezeshwa ngoma za kwao. "Hawachanganyiki," akamaliza, na wengi wakaitikia.

Siku ile muda ulikuwa umekwisha. Hapa nina nafasi, na nitaitumia yote.

Nasema hivi: mzazi wa Kihindu anayemfundisha mwanawe dini na lugha ya nyumbani katika mji wa Tanzania anafanya kazi ya mtu aliyeamua kukaa. Anayepita tu hahangaiki namna hiyo. Na sisi tunaomnyooshea kidole, hasa sisi wa makabila ya mbali tuliohamia Dar es Salaam, tuna maswali magumu zaidi ya kujibu kuhusu watoto wetu kuliko yeye.

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana mtaani yamechafuka. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Tanzania ni Waislamu, wakiwemo Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri. Wapo Masingasinga, na wapo Magoa ambao ni Wakatoliki kama sisi Wafipa. Wote tunawatia kwenye gunia moja, na tukitaka kuchekesha tunawaita magabacholi au maponjoro. Watu wa pwani wa zamani walikuwa makini kuliko sisi. Walijua kumtofautisha Mhindu, wakamwita Baniani, jina lililotokana na neno la Kigujarati la mfanyabiashara. Walimsema vibaya, lakini angalau walijua wanamsema nani.

Tena walikuwa naye siku nyingi. Katika miaka ya 1840, Seyyid Said akitawala Zanzibar, aliyekodishwa kazi ya kukusanya ushuru wa forodha alikuwa Jairam Shivji, Mhindu wa Kibhatia kutoka Kachchh. Ukiona mtu anasema Wahindu waliletwa na Waingereza kujenga reli, mwambie atazame tarehe. Pesa tunayoihesabu, laki tunayoiota, bima tunayokatiwa, hundi, gari na chapati ni maneno yaliyopita kwenye midomo ya watu hao kabla ya kufika kwetu. Kiswahili kilichanganyika nao zamani sana, tena hakikutuomba ruhusa.

Lakini kuna jambo moja la wakati huo ambalo ndilo kiini cha maneno yangu. Wafanyabiashara wale wa Kihindu kwa muda mrefu hawakuja na wake zao. Mwanamume alivuka bahari kwa pepo za kaskazi, akafanya biashara miaka kadhaa, akarudi kuoa, akaja tena. Hakuwa na haja ya kumfundisha mtoto yeyote Uhindu hapa, kwa sababu mtoto alikuwa kule, kwa bibi yake, kwenye kijiji chenye hekalu lake na sikukuu zake. Malezi yalifanywa na kijiji. Wanawake walianza kuja kwa wingi kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na pamoja nao likaja swali ambalo halikuwepo: mtoto akizaliwa huku, nani atamwambia yeye ni nani?

Hebu lione swali hilo lilivyo. Mtu mwenye tikiti ya kurudi halimkabili. Linamkabili yule ambaye amekwisha kutandika kitanda.

Kulea mtoto wa Kihindu Dar es Salaam kuna wepesi wake. Mtaa wa Kisutu una mahekalu yaliyokaribiana, yapo maduka ya vyakula vya sikukuu, wapo wazee wa kuulizwa. Sasa toka hapo, panda basi, uende zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwetu, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, penye upepo unaokata masikio mwezi wa Juni. Mtoto wa muuza vitambaa yule alikuwa darasa moja nami, ndiyo maana najua kilichokuwa nyuma ya duka. Kulikuwa na kabati la mbao lisilozidi kimo chetu. Ndani yake picha ya Krishna, picha ya Lakshmi, kitaa kidogo cha samli, na ubani. Hekalu lao ndilo lile. Mama yake alimfundisha herufi za Kigujarati nyuma ya karatasi zilizofungia vitenge, jioni, duka likishafungwa, na rafiki yangu alinung'unika kama mtoto mwingine yeyote anayeitwa ndani wenzake wakicheza rede nje.

Navratri ni sikukuu ya usiku tisa, na usiku huo watu hucheza garba kwa duara. Nimeona picha za miji mikubwa ambako duara lina mamia ya watu. Duara la Sumbawanga lilikuwa la watu wanne, sebuleni, meza imesogezwa ukutani: baba, mama, bibi na mtoto. Siku nilipokuwepo tukawa watano. Sikumbuki mtu yeyote kunitoa nje ili nisichanganyike.

Chakula hakikuwasumbua. Ufipa ni nchi ya maharage, na Mhindu asiyekula nyama hawezi kufa njaa mahali ambapo maharage ya kila rangi yanajaa sokoni. Kilichomsumbua rafiki yangu kilikuwa kipindi cha dini. Mliosoma shule zetu mnakijua. Mara moja kwa wiki darasa linagawanyika: Wakristo wanamfuata mwalimu wao, na wao wenyewe wanagawanyika kwa madhehebu, Waislamu wanamfuata ustadhi wao. Yeye alibaki. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Hapakuwa na mahali pa kumweka, basi. Alikaa chini ya mti akifanya hesabu, na mwalimu wa zamu akipita humuuliza, "Wewe mbona hujaenda dini?" Kila wiki swali lile lile, na kila wiki anajibu, "Mimi Mhindu, mwalimu." Nchi inayomwita mtoto huyo mgeni wa kudumu ndiyo iliyomwachia mti.

Mama yake alilijua hilo. Angeweza kumwambia mwanawe aingie tu kwa Wakristo, maisha yawe rahisi, na ninajua familia zilizofanya hivyo. Yeye alimwambia mtoto achukue daftari la hesabu. Ukitaka kujua malezi ya Kihindu ugenini ni nini, ni hayo. Ni kumwezesha mtoto kujibu swali moja bila kutetemeka, wiki baada ya wiki, kwa Kiswahili.

Na kuna jambo la nyumbani kwangu. Bibi yangu mzaa mama amekulia kijijini upande wa Laela, na Kiswahili chake hata leo ni cha kanisani na cha hospitali. Anasimulia kwamba zamani alipokuja mjini kuuza ulezi na kununua kitenge, mzee wa duka, babu wa rafiki yangu, alimsalimia kwa Kifipa, akapatana naye bei kwa Kifipa, akamuuliza habari za mvua na za wagonjwa kwa Kifipa. Bibi hakuona ajabu. Mteja wa Ufipa alizungumza Kifipa, na mwenye duka anayetaka kula lazima ajifunze. Wachuuzi wa Kihindi wa bara zima waliishi hivyo, Usukumani kwa Kisukuma, Unyamwezini kwa Kinyamwezi. Sasa nawaomba wasomi wenzangu mnitafutie vijana kumi wa Kifipa waliozaliwa Dar es Salaam ambao wangeweza kumuuzia bibi yangu kitenge.

Watu wa aina hiyo hatuwajui kwa sababu hatuwasomi. Andy Chande, jina lake kamili Jayantilal Keshavji Chande, alizaliwa Mombasa mwaka 1928 katika familia ya Kihindu yenye asili ya Gujarat, akakulia Bukene, mji mdogo wa reli mkoani Tabora. Kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 2005 amezipa jina la Bukene, hakuzipa jina la Dar es Salaam wala la mji wowote wa India. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, viwanda vya kusaga nafaka vya familia yake vilitaifishwa. Nyerere akamwomba abaki kuendesha shirika la umma lililovichukua, lile tulilokuja kuliita Shirika la Usagishaji la Taifa. Akabaki. Fikiria mwenyewe: serikali imechukua kinu chako, kisha inakuomba uje kukiendesha kwa faida ya wote, na wewe unasema sawa. Kama huko si kuchanganyika, basi neno hilo lina maana ambayo kamusi haijaipata.

Sikatai kwamba wengi waliondoka. Aprili 1971 ikapita sheria ya kutwaa majumba, yale yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakalia peke yake, yakawa mali ya Msajili wa Majumba. Sheria haikutaja rangi, lakini kila mtu alijua nyumba hizo nyingi zilikuwa za nani. Mwaka uliofuata, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Zaidi ya 27,000 wakaishia Uingereza. Watu waliofungasha kwa siku 90 hawakubeba duka wala nyumba. Walibeba yaliyokuwa vichwani mwa watoto.

Na walibeba nini? Hapa ndipo ninapopenda kuwachokoza wale wa "hawachanganyiki". Wagujarati wa Afrika Mashariki walioko London na Leicester mpaka leo wanauita muhogo "mogo", unauzwa kwa jina hilo kwenye migahawa yao, umekaangwa na pilipili. Karanga kwao ni "jugu". Kwenye Kigujarati chao kuna sufuria na kuna fagio. Mhindi aliyetoka moja kwa moja Gujarat akiyasikia maneno hayo hashiki kitu. Bibi wa Kihindu wa Leicester akimtuma mjukuu wake jikoni anamtuma kwa Kiswahili bila yeye mwenyewe kujua, na urithi anaoulinda kwa wivu wote huo una mchanga wetu ndani yake.

Oktoba 2022 tulipata burudani ya aina yake. Rishi Sunak alichaguliwa kuongoza chama chake siku ya Diwali yenyewe, tarehe 24, na kesho yake akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Mama yake alizaliwa Tanganyika, baba yake Kenya. Simu zetu zilijaa furaha: mtoto wa kwetu, mama yake ni Mtanzania, Afrika Mashariki oyee! Sunak ni Mhindu asiyejificha. Alikula kiapo cha ubunge kwa Bhagavad Gita, na alikua akienda kwenye hekalu la Southampton ambalo babu yake alikuwa miongoni mwa walioanzisha. Yaani wazazi waliotoka huku walimlea ugenini kwa namna ile ile tunayoilaumu, tukampigia makofi. Sina shida na siasa zake hapa, nyingine zinanitia kichefuchefu. Nauliza tu kwa nini taa ya Diwali ikiwashwa Downing Street ni fahari yetu, na ikiwashwa nyuma ya duka la Sumbawanga ni ushahidi wa ugeni.

Wakenya kwa upande wao walimaliza ubishi kwa karatasi. Julai 2017 serikali yao iliitambua jamii ya Waasia kuwa kabila la 44 la Kenya, na sheria yao ya sikukuu inawapa Wahindu mapumziko siku ya Diwali. Unaweza kusema ulikuwa mwaka wa uchaguzi, nami nitakubali. Lakini mtoto wa Kihindu wa Kisumu ana karatasi. Huku kwetu sensa iliacha kuuliza kabila na dini tangu ile ya 1967, kwa nia njema ya kujenga taifa, kwa hiyo mtoto wa Kihindu wa Sumbawanga hayumo kwenye orodha yoyote. Ana jibu lake la chini ya mti tu.

Halafu kuna kicheko. Mungu mwenye kichwa cha tembo! Ng'ombe wa kuabudiwa! Nimewasikia Wafipa wenzangu wakiangua kicheko hicho, na hapo ndipo nisipovumilia. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika kuhusu namna mababu zetu walivyomheshimu chatu kama mwili wa mzimu wa nchi. Chatu! Wazee wetu hawakuona haya. Kisha Mapadre Weupe wakafika Karema mwaka 1885, wakapanda kwenye uwanda, na leo Ufipa ni nchi ya Wakatoliki ambamo kila ukoo una Deogratias na Wenceslaus wake. Bibi yangu ana sanamu ya Bikira Maria kwenye kona ya sebule na mshumaa mbele yake. Dini ile ilitoka ng'ambo kama ya jirani yake, ikaja na picha zake, nyimbo zake na lugha yake, na hakuna aliyewahi kumwambia bibi kwamba mshumaa ule unamfanya asiwe Mtanzania. Kabati kwa kabati, mshumaa kwa kitaa, sioni tofauti ya kuitisha kikao.

Nasi tunakijua kicheko kwa sababu tumechekwa. Jina Sumbawanga, wazee wanasema, lina maana ya kutupa uchawi, lakini nchi nzima imeshika neno moja tu katika hayo mawili. Ukisema Dar es Salaam unatoka Sumbawanga, mtu anaruka hatua moja nyuma. "Usije ukanitumia radi!" Nimeambiwa hivyo na wapangaji, na makondakta, na msimamizi mmoja wa mtihani aliyedhani ni mzaha mpya. Mzaha huo umefanya kazi yake. Wazazi wa Kifipa waliohamia Dar es Salaam waliamua watoto wao wasiwe na alama. Kifipa kikaachwa Tunduma, mahali tunapoiacha njia ya kwetu na kushika barabara kuu. Watoto wakaambiwa wanatoka Mbeya.

Wahindu nao walichekwa, kwa muda mrefu kuliko sisi, wakitaniwa kwa chakula chao, miungu yao, lafudhi yao na wembamba wa mikono yao. Hawakuficha kabati. Tofauti yetu ni hiyo, na haina uhusiano wowote na nani anaipenda Tanzania zaidi.

Sasa nisionekane mpiga debe wa mtu. Kuna neno moja la Kigujarati lenye maana ya mweusi ambalo kila aliyewahi kufanya kazi kwenye maduka yao analijua, na halitamkwi kwa upendo. Kuna kikombe cha mfanyakazi kinachowekwa peke yake dirishani. Kuna binti anayeambiwa aolewe na yeyote, kisha "yeyote" inafafanuliwa mpaka wanabaki vijana sita. Wenyewe kwa wenyewe wanabaguana kwa koo na matabaka: Lohana ana chama chake, Patel ana chake, Bhatia ana chake, na matabaka hayo hawakuletewa na Mwingereza. Mwingereza aliongeza ukuta wake juu ya kuta zao. Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi, ambamo Kigujarati kilitumika kufundishia, na shule za Waafrika, na zilichanganywa rasmi mwaka 1962 tu, baada ya uhuru. Baadaye ada zikafanya kazi ambayo sheria iliacha kuifanya.

Mzazi wa Kihindu anayemrithisha mwanawe kikombe kile cha dirishani anastahili kuambiwa usoni, na ningependa waanze kumwambia watoto wake mwenyewe, wenye umri wangu, ambao wengi wanalijua neno lile na wananyamaza mezani. Lakini kosa la mwenzetu wa semina ni kuchukua kikombe na kuhukumia taa. Herufi za Kigujarati hazijamzuia mtu kula na jirani. Wala garba haikupandisha ada. Ukiifuta Diwali kesho, kikombe kitabaki dirishani palepale, maana kinashikiliwa na pesa na hofu ya kushuka daraja, na vitu hivyo viwili havina dini. Nimeviona Masaki kwa Waafrika wenzangu wanaowapikia wasichana wa kazi chakula cha peke yao.

Najua nitajibiwa ukabila. Nyerere alitufundisha kuogopa ukabila, na akitazama majirani zetu mtu anaona alikuwa na sababu. Vituo vyetu vya redio vinatangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, shule hivyo hivyo, na mimi ninayeandika makala haya kwa Kiswahili siwezi kukitukana Kiswahili. Lakini hofu ya ukabila ilihusu vyeo, ardhi na kura. Haikuhusu mtoto kumwelewa bibi yake. Wahindu wa Tanzania wamefanya jaribio la miaka zaidi ya 100 mbele ya macho yetu, bila redio, bila mtaala, bila ofisa utamaduni: lugha moja ya nyumbani, Kiswahili cha mtaani, Kiingereza cha shuleni. Watoto wao hawakupasuka vichwa. Wapo wanaozungumza Kiswahili cha kukwepa kodi na cha kutongoza, na hicho hakifundishwi darasani.

Sisi tuna vyama vya Wafipa mijini. Nimehudhuria. Tuna katibu, tuna daftari la michango, tuna turubai na viti, na tunakutana mtu akifa. Tunazika vizuri sana. Sijawahi kuitwa kwenye kikao cha chama chetu kwa ajili ya mtoto aliye hai, kufundishwa kuhesabu kwa Kifipa, au kuambiwa ntumba ni nini: kwamba wazee walifukia nyasi ndani ya matuta makubwa ya mviringo, wakapanda maharage juu, na msimu uliofuata wakayabomoa na kupanda ulezi kwenye udongo uliokwisha kuiva. Au kwamba zile tanuri ndefu za udongo, malungu, ambazo nyingine zimesimama hadi leo, ziliyeyusha chuma kabla ya padri wa kwanza kufika. Hayo niliyasoma chuoni, kwa Kiingereza. Katika mji huo huo, Jumapili, mtoto wa Kihindu wa miaka saba anafundishwa na mwanamke aliyejitolea, kwenye chumba kilichopakana na hekalu, na wazazi wake wanalipia nauli.

Rafiki yangu wa chini ya mti sasa ni mama. Anaishi Upanga, ana binti wa miaka mitatu anayezungumza Kigujarati na bibi yake kwa simu na Kiswahili na kila mtu mwingine, kikiwa na makosa ya utotoni tu. Kabati ni lile lile. Lilisafirishwa kwa basi, limefungwa kwa blanketi. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema anachoka sana, kwamba kuna siku anatamani amwachie mtoto katuni tu alale.

Dada yangu anaishi Kimara, ana mtoto wa miaka minne. Anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, anajua majina ya dinosau zaidi ya kumi, na bibi akipiga simu anakimbilia chumbani kwa sababu haelewi anachoambiwa. Bibi naye hupaza sauti, akidhani tatizo ni mtandao. Nilipomwambia dada kwamba Kifipa kidogo hakitamdhuru mtoto, akaniambia atachanganyikiwa shuleni. Nikamtajia binti wa Upanga. "Aah," akasema, "wale Wahindi."

Desemba nampeleka Sumbawanga kwa mwezi mzima. Shemeji amekubali, dada ananuna. Bibi amekwisha kuambiwa, na ametuma ujumbe kupitia kwa mjomba kwamba nguo za baridi ziwe nyingi, na kwamba yeye hatazungumza naye Kiswahili hata neno moja.